Chai Inayovundikwa Kama Ndizi

Ndugu msomaji, huenda asubuhi hii ya Jumapili umekaa mezani na jamaa zako, birika la chai ya rangi mbele yenu, na hapana aliyejiuliza majani yale yalipitia nini. Chai yetu husagwa ingali mbichi, ikaachwa ipate hewa hata igeuke rangi, ndipo ikakaushwa. Wachina walio wengi hunywa ya kijani, ambayo hutiwa moto mapema ili isigeuke. Baina ya hizo mbili ipo chai ya manjano, iliyochachuka kidogo tu, nayo ndiyo nitakayo tuifuate leo hadi kwao.

Tuanzie Ziwa Dongting, mkoani Hunan. Ukisimama mjini Yueyang utakiona ng'ambo ya maji kisiwa cha Junshan, kisichotimia hata kilomita moja ya mraba. Wenyeji husimulia kwamba huko walizikwa wake wawili wa Mfalme Shun wa kale, na kwamba madoa ya mianzi yake ni machozi yao. Mimi hunivuta zaidi miiko ya wachumaji. Huchuma chipukizi peke yake, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, na miiko yao ni tisa: hawachumi siku ya mvua, wala penye umande, wala chipukizi la zambarau, wala lililopinda, wala lililotobolewa na wadudu, na kuendelea. Mvua ikinyesha, kazi imelala.

Chipukizi hizo hukaangwa kidogo karaini, zikapozwa, zikapitishwa juu ya moto wa makaa. Hapo mwenye kutengeneza chai ya kijani angekuwa karibu kumaliza. Huyu ndiyo kwanza anaanza. Huzifunga katika karatasi zingali na unyevu, akazitia sandukuni kwa muda wa siku mbili hivi. Kama umepata kumwona mama akivundika mkungu wa ndizi, umekwisha kuelewa. Joto na unyevu hufanya kazi polepole. Ukijani hufifia, ukali hupungua, utamu hujitokeza. Kisha hufunguliwa, hupashwa moto, na hufungwa tena. Kazi yote huchukua siku tatu hivi, na fundi hana budi kunusa na kugusa, kwani akiwahi chai hubaki ya kijani, na akichelewa huharibika.

Huandaliwa katika bilauri, bila sukari wala maziwa, ili mnywaji aone chipukizi zikisimama wima majini, zikizama na kupanda tena.

Mkoani Sichuan kuna Mlima Mengding, ambao chai yake ilipelekwa kwa wafalme tangu enzi ya Tang. Huoshan, katika milima ya Dabie mkoani Anhui, ufundi ulikuwa umekatika, ukafufuliwa miaka ya 1970. Wala usidhani hii ni chai ya wakubwa tu! Huko huko Huoshan iko ya majani makubwa, ichumwayo pamoja na kijiti chake, majani manne au matano kwa mara moja. Mwishowe hukaushwa kwa moto mkali, watu wawili wakilibeba kapu la mianzi, wakilitia motoni na kuliondoa mara kwa mara, hata chai inukie kama ukoko wa wali. Wanywaji wake wakubwa ni watu wa kawaida wa Shandong na Shanxi.

Taabu iko sokoni. Bei ya chai mpya hushuka kadiri majira yanavyosonga, na chipukizi lile lile likiachwa kijani huuzwa mapema. Aliyevundika amezifungia fedha zake sandukuni. Basi wapo wanaopunguza siku za kuvundika, au kuziacha kabisa, na pakiti ikaendelea kuandikwa manjano. Mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wa chai wa Wachina katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Ni heshima kubwa, lakini orodha hainunui chai.

Siku ukiletewa zawadi ya pakiti hiyo na ndugu atokaye China, usiitazame karatasi. Tia maji ya moto yaliyopoa kidogo, ngoja, kisha yatazame majani yenyewe. Yakiwa ya kijani kibichi, ndugu yako ameuziwa chai ya kijani. Yakiwa yamefifia na kuelekea manjano, na kinywaji hakikwaruzi ulimi, yupo mtu aliyeingoja siku tatu.