Samaki wa Wiki ya Mbalamwezi

Siku moja mtoto wa dada yetu mkubwa, aliyeko Marekani, alitupigia simu. Alizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, akavuka bahari pamoja na wazazi wake akiwa bado msichana. Leo anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha kukata kuku. Tulikuwa watatu nyumbani, hapa Baraka, tukaweka simu katikati ya meza ili kila mmoja asikie. Tukamwuliza anakula nini na kazi ya namna hiyo. Akasema: «Bamama, huku siku ya posho ninaenda ku soko, siku ya Mungu ninapika ya wiki yote. Ninakulaka ile ile mpaka siku ya tano.»

Akatueleza upishi wake. Ananunua samoni, samaki mwenye nyama ya rangi ya waridi, anayefugwa katika maji ya bahari kule Norway na Chile. Anachanganya asali, mchuzi wa soya, kitunguu saumu na tangawizi, anampaka samaki, anamtia katika fulu robo saa mpaka ang'ae kama amepakwa mafuta ya nywele. Pembeni anaweka karoti, maharage mabichi na broko. Halafu anagawanya katika visanduku vitano vyenye vifuniko. Vitatu anaweka ndani ya frigo, viwili anavigandisha, maana samaki aliyepikwa hapaswi kukaa kwenye frigo zaidi ya siku tatu au nne.

Tulicheka kidogo. Samaki na asali! Lakini yeye hakucheka. Akauliza: «Na shangazi yenu alikuwa anafanya namna gani, mukeke inakaa wiki nzima bila frigo?» Hapo tukanyamaza. Kisha kila mmoja wetu akatoa jibu lake, na majibu matatu hayakufanana. Shangazi yetu alishafariki, na hakuna aliyeandika. Ndiyo sababu tumekaa pamoja, tukasahihishana, na kuandika kurasa hizi.

Kwanza kabisa, vijana wasidhani kwamba kupika chakula cha wiki ni mambo ya ng'ambo. Sisi watu wa ziwa tulikuwa na wiki yetu, ila haikuanza siku ya kwanza. Ilianza mwezi unapokaribia kuwa mpevu. Kama mnavyojua, ndagala huvuliwa usiku kwa taa: zamani taa za petroli, siku hizi taa za mwanga wa jua. Samaki wanafuata mwanga, wavu unawachukua. Lakini mbalamwezi ikijaa ziwa lote, taa haina nguvu tena. Samaki wanatawanyika, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu. Kwa muda wa wiki moja hivi, pwani yetu inakuwa kimya, na bei sokoni inapanda. Mama asiyetayarisha kabla, watoto wake wanakula bugali na chumvi.

Basi shangazi alikuwa anahesabu siku. Mwezi ukifika nusu, anaenda pwani alfajiri, mitumbwi inaporudi kutoka upande wa Ubwari. Anachagua mikeke yenye macho meupe na matamvua mekundu. Anaipasua tumboni, anatoa uchafu wote, anaosha, anapaka chumvi ndani na nje. Wazee walikuwa wanasifu chumvi ya Uvinza, ile iliyovuka ziwa tangu kale. Baada ya hapo anaipanga juani mpaka maji yatoke, kisha juu ya uchanja wa miti, na chini yake moto wa polepole. Moto usiwake, utoe moshi tu. Ukiwaka, samaki anaiva nje na kuoza ndani. Alikuwa anageuza asubuhi na jioni, siku mbili. Siku ya pili anapasha mawese, anachovya unyoya wa kuku, anapaka kila samaki ili ngozi isipasuke. Walikuwa wanang'aa kweli kweli. Hapo tulimkumbuka yule mtoto na samoni yake, tukaacha kucheka.

Ndagala hazikuhitaji moto. Jua la siku moja kali linatosha, lakini alikataa kuzianika juu ya mchanga kama wengi walivyofanya. Alitandika mkeka. «Mchanga ni wa kujengea nyumba, si wa kutafuna,» ndivyo alivyokuwa anasema.

Mboga za majani hazikukaa wiki. Lengalenga na matembele yalichumwa siku ile ile. Sombe peke yake ilikubali kupikwa mara moja na kuchemshwa tena kila jioni, ikazidi hata kuwa tamu. Lakini ilitwangwa vizuri na kuchemka muda mrefu, sufuria wazi, maana majani mabichi ya muhogo yana sumu. Ikishaiva ndipo yanaingia mawese, karanga zilizotwangwa, kitunguu, pilipili, na vipande vya mukeke vilivyolowekwa katika maji ya vuguvugu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo sisi watatu hatukubishana hata kidogo. Samaki wakishakauka, shangazi aliwagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza la nyumba. La pili la mgeni, kwa sababu mgeni hachagui mwezi. La tatu la asiye na kitu: mjane, au mwenye mgonjwa. Fungu letu likiisha kabla ya wiki kuisha, hatukugusa mengine. Tulilala na sombe tupu huku harufu ya mikeke inashuka kutoka kapu lililoning'inia juu ya meko. Tusiseme uongo, tulimwona ni mwanamke mgumu.

Mwisho wa Oktoba 1996, vita iliteremka kutoka upande wa Uvira. Mwezi ulikuwa mpevu siku zile, na kapu lilikuwa limejaa. Watu walibeba magodoro, wengine mashini ya kushona. Shangazi alibeba kapu. Tulijificha kwanza Ubwari, kisha tukapata nafasi katika mtumbwi wa kuelekea Kigoma, watu wamebanana, watoto wanalia njaa. Hapo alifungua kapu, akatoa fungu la mgeni kabla ya fungu letu. Sisi tulikuwa wasichana wadogo, tulikasirika. Tukamwambia: «Shangazi, na sisi?» Akajibu: «Hii haikuwa yetu tangu nyumbani.» Akavunja vipande, akapitisha kwa watu ambao hata majina yao hatukuyajua.

Kambini tulipewa unga wa mahindi, mbaazi na mafuta, lakini sufuria hatukuwa nayo. Mwanamke mmoja wa ule mtumbwi alitutafuta kati ya mahema, akatuazima yake. Tulipika kwa zamu naye miezi mingi. Watanzania sokoni walimwita mukeke «mgebuka», tukajifunza jina hilo kama tulivyojifunza mengine.

Tunaandika haya kwa sababu nyingine pia. Mwaka 2024, ili samaki wapate kuzaana, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilikubaliana kusimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Hiyo si wiki tena, ni miezi mitatu. Katika mtaa wetu tuliona nyumba mbili za namna mbili. Moja ilikuwa na mifuko ya ndagala kavu iliyofungwa vizuri mbali na unyevu. Nyingine ilikuwa na simu nzuri ya kulalamikia serikali. Sisi wenyewe tulikuwa karibu na hiyo ya pili, tunakiri. Tulikuwa na ujuzi kichwani, mikono ilishasahau. Mikeke ya kwanza tuliyokausha ilivunda, kwa kuwa tuliacha moto uwake.

Mtoto wetu wa Marekani alijaribu vilevile. Alinunua samaki, akawasha moshi kidogo jikoni, kengele ya nyumba ikalia, wapangaji wote wakatoka nje na nguo za kulalia. Sasa ananunua samaki wa moshi katika duka la Waafrika na anaendelea na samoni yake. Lakini siku ile tulipomsomea habari ya mafungu matatu, alikaa kimya, kisha akasema kuna mama mmoja Mrundi kazini kwake anayekuja usiku bila chakula. Amenunua kisanduku cha sita.

Basi tunawaomba wasomaji, hasa vijana: ulizeni mama zenu namna ya kuwasha moto usiowaka, na muandike wakati bado wapo. Pia waulizeni kapu liligawanywa mafungu mangapi.