Maji ya Kioo

Dar es Salaam tunajua kuzungumzia magari. Kaa barazani nusu saa tu, utasikia habari za injini, bei ya mafuta, na gia boksi iliyofunguliwa ikarudishwa na skrubu tatu zikabaki mkononi mwa fundi. Maji ya waipa hayana msemaji. Unayakumbuka siku lori linapopita kwenye dimbwi pale Jangwani na kukumwagia tope kioo kizima, halafu unavuta kijiti cha pembeni ya usukani na hakitoki kitu. Waipa zinalisambaza lile tope kama mtu anayepiga lipu, na kwa sekunde kadhaa unaendesha kwa kumbukumbu.

Baba yangu alikuwa akiendesha kwa kumbukumbu kwa muda mrefu zaidi ya hapo.

Alikuwa dereva wa malori miaka 31, Dar kwenda Tunduma na kurudi. Mlima Kitonga anaujua kona kwa kona. Alipostaafu alibaki na Toyota Carina moja nyeupe, anaiegesha mbele ya nyumba yetu Kariakoo, mojawapo ya zile nyumba za chini ambazo bado zimesimama katikati ya maghorofa. Mwaka jana alianza kulalamika kwamba usiku haoni vizuri. Taa za magari yanayokuja zinapasuka, alisema, zinatawanyika kama cheche za kuchomelea vyuma. Lakini lawama zote alikitupia kioo.

"Macho yangu hayana neno. Kioo ndicho kichafu, na maji ya waipa hayatoki."

Kaka yangu anayeishi Mbezi hakutaka habari za kioo. Alitaka funguo. "Mchukulie mzee funguo kabla hajagonga mtoto wa watu," aliniambia kwenye simu, si mara moja. Alikuwa na haki ya kuogopa. Ila mimi niliona hivi: mtu akikuambia kioo ni kichafu, na kioo kweli ni kichafu, na maji kweli hayatoki, huwezi kumnyang'anya funguo ukategemea akuheshimu. Kwanza tengeneza maji. Kioo kikiwa safi, yatabaki macho peke yake.

Kwa hiyo Jumamosi moja asubuhi nilifungua boneti, baba akaweka kigoda chake kivulini na kuanza kuniongoza.

Mfumo wenyewe ni mdogo. Kuna dumu la plastiki lenye maji. Chini ya dumu kuna pampu ndogo ya umeme, ukubwa wake kama betri mbili za tochi. Kutoka kwenye pampu kuna mpira mwembamba unaopanda hadi kwenye boneti, na mwisho wake ni vile vitundu viwili vinavyorusha maji. Ukivuta kijiti, umeme unaenda kwenye pampu, pampu inasukuma maji.

"Usishike spana bado," baba alisema. "Sikiliza kwanza."

Nilivuta kijiti, injini imezimwa na swichi ikiwa wazi. Pampu nzima inanguruma kidogo, kama nyuki ndani ya kopo. Ikinguruma na maji yasitoke, tafuta mpira uliochomoka au tundu lililoziba. Isiponguruma, tafuta umeme au pampu yenyewe. Yetu ilikuwa kimya. Fyuzi niliitoa nikaitazama, uzi wake mzima. Nikachomoa plagi ya pampu, nikaweka tesita, baba akanyoosha mkono dirishani akavuta kijiti. Taa ya tesita ikawaka. Umeme ulikuwa unafika mlangoni, mwenye nyumba ndiye aliyekufa.

Nikachomoa pampu, nikaifunga kwenye mfuko wa rambo, nikashuka kwa miguu hadi Gerezani. Kule Gerezani na Shauri Moyo, gari la Kijapani linakuwepo lote, ila halijaunganishwa: milango imesimama ukutani, taa zimening'inia, usukani umelala juu ya usukani. Kijana wa duka aliipokea pampu yangu, akaigeuza.

"Dada, fundi wako yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Akacheka, akaingia ndani, akarudi na pampu mtumba iliyofanana na yangu. Tulianzia elfu ishirini na tano, tukamalizia elfu kumi na tano, baada ya yeye kuigusisha kwenye betri mbele yangu na mimi kuisikia ikinguruma. Akaniongezea mpira mpya wa kuzibia pale pampu inapoingia kwenye dumu, maana ule wa zamani ukishakakamaa unavujisha. "Halafu usiikamue ikiwa kavu," akanionya. "Maji ndiyo yanaipoza."

Tuliifunga mchana. Pampu ikanguruma, baba akapiga kofi la furaha, na kwenye kioo yakatoka matone mawili ya aibu.

Hapo ndipo tukafika kwenye ugonjwa wa jiji letu. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na kwa miaka yote dumu hilo lilijazwa maji hayohayo ya kisima. Maji yanakauka kwenye jua, utando mweupe unabaki, uleule unaouona kwenye birika. Kwenye tundu jembamba kuliko sindano, utando kidogo tu ni ukuta. Nilipasha maji kidogo, nikachanganya na siki, nikaloweka vile vitundu nusu saa. Kisha nikavizibua kwa sindano ya cherehani, taratibu, nikapuliza mpira kwa mdomo upande wa pili. Uchafu ukatoka kama unga wa chaki.

Wakati tunasubiri siki ifanye kazi, nilimsimulia baba habari za Mary Anderson, mwanamke wa Alabama aliyepata hataza ya waipa huko Marekani mwaka 1903. Alikuwa amemwona dereva wa tramu New York akihangaika kuona mbele kwenye theluji ya maji. Waipa yake ilizungushwa kwa mkono kutoka ndani.

"Sisi tulikuwa tunapaka kiazi kibichi," baba alisema. "Waipa ikifia Mikumi na mvua inanyesha, unakata kiazi, unapaka kioo, unaenda." Akanyamaza kidogo. "Lakini siku hizo nilikuwa naona."

Sikujibu. Nilijaza dumu maji ya dukani, nikavuta kijiti. Maji yakaruka mistari miwili iliyonyooka, yakavuka hadi juu ya paa na kumlowanisha muuza ndizi aliyekuwa anapita, tukamwomba radhi.

Jioni, baada ya magharibi, baba alikaa kwenye usukani bila kuwasha injini. Kioo nilikuwa nimekisafisha nje na ndani. Pikipiki na bajaji zilikuwa zinakuja upande wetu, taa zikiwaka. Alitazama muda mrefu. Akatoa leso, akakifuta kioo upya kwa ndani, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Akatazama tena.

"Basi," alisema. "Kioo kimepona."

Jumatatu yake tulikwenda kupimwa. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili: lenzi yenyewe imeingia ukungu, na ukungu wa huko haufikiwi na siki. Dawa yake ni upasuaji, ile lenzi inatolewa na kuwekwa ya bandia. Jicho la kwanza ni mwezi ujao. Kaka yangu alipopiga simu kuuliza funguo ziko wapi, nilimwambia ziko kwenye mfuko wangu, na hakuna aliyenyang'anywa.

Siku hizi naendesha mimi, baba anakaa kushoto. Kwenye magari haya ya Kijapani kijiti cha waipa kiko upande wa kushoto wa usukani, na mkono wake unakifikia vizuri. Vumbi likizidi kidogo tu, hata kabla sijaliona, ananyoosha mkono na kuvuta.

"Maji," anasema, na maji yanatoka.