Kwa Mashua Hadi Llangollen

Mtu akitaja safari za Uingereza, wengi hufikiri gari la moshi, au barabara pana ambazo motokaa hupita usiku na mchana. Lakini nchi ile ina njia nyingine za zamani, ambazo mgeni aweza kukaa miaka mingi asizione. Nazo ni mifereji ya mashua, iliyochimbwa kwa sururu na koleo kabla ya reli kuwako. Mingi kati ya hiyo hutunzwa na chama kiitwacho Canal & River Trust, kilichopewa kazi hiyo mwaka 2012, na urefu wa njia zake za maji wapata maili 2,000. Sheria yasema kwamba chombo kisizidi mwendo wa maili nne kwa saa. Basi mtu mwenye miguu mizuri aweza kwenda sambamba na mashua akizungumza na waliomo.

Mwezi wa Julai, mwaka 2024, mimi na mke wangu tulikodi mashua ya namna hiyo kwa siku saba, tukaanza safari katika mji mdogo wa Ellesmere, ulioko Shropshire, ili twende mpaka Llangollen katika nchi ya Wales. Njia yote hiyo yapata maili 20 tu. Kwa motokaa ni mwendo wa chini ya saa moja. Sisi tulitumia siku tatu kwenda na siku tatu kurudi, na siku moja tukapumzika.

Yafaa msomaji aelewe kwanza umbo la chombo chenyewe. Mashua hizi ni nyembamba mno. Upana wake haufiki futi saba, ingawa urefu waweza kupata futi 70. Yetu ilikuwa ya futi 50. Ndani mlikuwa na jiko, meza, kitanda, choo na madirisha yenye mapazia, vyote vimepangwa kwa mstari kama mabehewa ya gari la moshi. Nyuma husimama mwenye kuongoza, mkono wake juu ya mti wa usukani. Akitaka mashua iende kulia hana budi kuusukuma mti ule kushoto, na akitaka kushoto ausukume kulia. Kila mgeni hufundishwa jambo hili kabla ya kamba kufunguliwa.

Wembamba ule una historia yake. Mwaka 1761 tajiri mmoja, Duke wa Bridgewater, alifungua mfereji wa kupelekea makaa ya mawe kutoka machimbo yake ya Worsley mpaka Manchester, na fundi wake mkuu akawa James Brindley. Farasi mmoja, ambaye barabarani angeshindwa na mzigo wa tani chache tu, majini aliweza kuvuta tani 25 au zaidi. Bei ya makaa mjini Manchester ikashuka karibu nusu. Matajiri wengine walipoona hayo nao wakaanza kuchimba, na katika sehemu nyingi za katikati ya nchi malango yalijengwa membamba ili kupunguza gharama na kuhifadhi maji. Mashua zikafuata kipimo cha malango.

Kutoka Ellesmere mfereji wapita kati ya malisho ya ng'ombe. Karibu na mji yako maziwa madogo yaliyobaki tangu zamani za barafu kuu, na miti imeinama juu ya maji. Korongo wa kijivu husimama kando akingoja samaki, wala haondoki mpaka mashua imkaribie kabisa. Jioni twapigilia vigingi viwili ukingoni, twafunga kamba, twapika chakula. Hakuna anayeuliza mbona mmekawia, kwa kuwa wote waliopo wamekawia.

Siku ya pili tulifika kwenye malango mawili ya New Marton. Hapa mfereji wapanda, na kwa kuwa maji hayapandi kilima, wajenzi walitengeneza chumba cha mawe chenye lango mbele na lango nyuma. Mashua ipandayo huingia kwa lango la chini, nalo hufungwa. Kisha mtu hushika mkono wa chuma, akazungusha gurudumu la meno, na vibao vilivyozuia maji upande wa juu vikainuliwa. Maji huingia, mashua huinuka taratibu futi sita hivi, na maji ya ndani yakiisha kuwa sawa na ya nje, lango la juu husukumwa kwa mgongo likafunguka. Hakuna injini yoyote katika kazi hiyo.

Lakini kila mara chumba kile kinapojazwa na kumwagwa, karibu galoni 20,000 za maji hushuka chini. Kwa hiyo kuna adabu zake. Sisi tulipofika, chumba kilikuwa kimejaa, na mashua nyingine ilikuwa ikija kutoka juu. Tukafunga kamba tukangoja. Mke wangu akaniuliza, "Bwana, mbona tunangoja, na sisi ndio tuliofika kwanza?" Nikamjibu, "Tukikimwaga sasa ili tuingie, maji yale yatapotea bure. Tukingoja, yule atashuka nayo, na chumba kitakuwa tayari kwa ajili yetu." Akatazama maji, akasema, "Kumbe zamu hapa si ya aliyetangulia, ni ya maji." Mkulima aliyepata kugawana mfereji wa shamba na jirani zake hatahitaji kuelezwa zaidi.

Huko Chirk ndiko mpaka wa England na Wales, nao mpaka wenyewe ni bonde lenye kina. Mfereji hauteremki bondeni. Wavuka juu ya daraja la mawe lililofunguliwa mwaka 1801, futi 70 juu ya mto. Kando yake liko daraja la reli, refu zaidi kwenda juu, lililojengwa miaka karibu hamsini baadaye. Mara baada ya daraja mashua huingia katika handaki la yadi 459, giza tupu, lenye nafasi ya chombo kimoja tu. Huwasha taa, hutazama kwanza kama mwanga mwingine unakuja, kisha huingia.

Maili chache mbele liko jambo kubwa la safari yote, daraja la maji la Pontcysyllte. Lilianza kujengwa mwaka 1795 likafunguliwa mwaka 1805, na mafundi wake walikuwa Thomas Telford na William Jessop. Nguzo za mawe zimesimama katika bonde la mto Dee, na juu yake limelazwa hori la chuma cha kusubu, lenye urefu wa futi 1,007, limejaa maji. Kutoka hori mpaka mtoni ni futi 126. Upande mmoja pana njia waliyopita farasi, yenye ukingo wa kushika. Upande wa pili hapana ukingo wowote. Ubavu wa hori waishia inchi chache tu juu ya maji, na aliye katika mashua akichungulia huona vilele vya miti chini yake. Mke wangu aliketi ndani mpaka tukafika katikati. Ndipo akatoka, akasimama kimya. Mwaka 2009 daraja hilo, pamoja na maili 11 za mfereji, liliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Mtu akilitazama aweza kudhani ya kuwa kazi kama hiyo haikupata kudharauliwa. Sivyo. Reli zilipoenea, shehena zilihama mifereji. Jamaa za mabaharia wa mifereji, ambao baba, mama na watoto waliishi katika chumba kimoja nyuma ya mashua ili kuokoa kodi ya nyumba, walizidi kupungua. Kampuni ya reli iliyomiliki mfereji huu haikuwa na haja nao, na mwaka 1944 Bunge lilipitisha sheria ya kuufunga kwa vyombo. Uliponea kwa sababu moja: maji yake, yatokayo mto Dee, yalihitajika huko chini Hurleston. Njia iliyokatazwa mashua ikaachwa hai kwa kuwa ilikuwa bomba.

Na hata bomba lataka mlinzi. Mwezi wa Septemba, mwaka 1945, ukingo ulibomoka usiku karibu na Llangollen. Maji yakachukua udongo wa njia ya reli iliyokuwa chini yake, gari la moshi likatumbukia shimoni, na dereva akafa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mahali pale hata ukuta usingemrudisha yule aliyekufa.

Waliogeuza mambo hawakuanza kwa nguvu wala kwa fedha nyingi. Mwaka 1939 mhandisi mmoja, L.T.C. Rolt, alimwoa Angela, na wakati wa kiangazi hicho wakaondoka Banbury katika mashua yao iitwayo Cressy, wakatembea katika mifereji bila haraka, hata vita vikawakuta njiani. Aliyoyaona Rolt aliyaandika katika kitabu chake, Narrow Boat, kilichotoka mwaka 1944, mwaka ule ule wa sheria ya kufunga. Wasomaji wakatambua ya kwamba kitu chema kilikuwa kikifa mbele ya macho yao. Mwaka 1946 Rolt, Robert Aickman na wenzao wakaunda chama cha kutetea mifereji, Inland Waterways Association. Tangu hapo watu wa kujitolea, makarani, mafundi na walimu, wamekuwa wakitumia siku zao za mapumziko kuzoa matope na kujenga upya malango yaliyooza.

Llangollen wenyewe ni mji mdogo kando ya mto, chini ya vilima. Mashua za injini huishia hapo. Ng'ambo yake mfereji ni mwembamba, na mashua za watalii bado huvutwa na farasi. Siku yetu ya mapumziko tulitembea kwa miguu maili mbili hivi mpaka mwanzo wa mfereji, mahali paitwapo Horseshoe Falls. Hapo Telford alijenga ukuta wa chini uliopinda kama kwato la farasi, ukakamilika mwaka 1808. Mto Dee waupita juu kwa utando mwembamba mweupe, na kando, kwa kimya, sehemu ya maji yaingia katika mfereji.

Tukakaa majanini tukiyatazama. Maji yale yale yangepita juu ya Pontcysyllte, yangepita handaki la Chirk, yangejaza vyumba vya New Marton, na kila hatua yangekuwa mikononi mwa mtu asiyejulikana, afungaye lango au aliachaye wazi. Serikali yaweza kutunga sheria, na fundi mwenye akili aweza kujenga daraja la ajabu. Lakini mfereji hukauka au hudumu kwa tendo dogo la yule apitaye, ambaye baada ya mashua yake kutoka hurudi nyuma hatua ishirini, akasukuma lango mpaka likafunga, ili ajaye nyuma yake ayakute maji.