Mikono Isiyoonekana

Nilirejea Uganda kutoka Mogadishu mwaka 2012, nikiwa mzima wa viungo vyote. Lakini upepo ulipobamiza mlango, nilijikuta chini ya meza. Mwanzo watoto walicheka. Baadaye wakaacha kucheka.

Kwa miaka mingi nilinyamaza, maana askari hukionea haya cheo chake. Ndipo mke wangu akanitafutia mshauri nasaha azungumzaye na watu kwa njia ya intaneti. Bibi huyo hakushika njia moja tu: siku nyingine alinisikiliza pasipo kunihukumu, kama alivyofundisha Carl Rogers, siku nyingine tulilichunguza wazo lililoitangulia hofu, njia aliyoianzisha Aaron Beck katika miaka ya 1960.

Kuta za kota ni nyembamba, basi niliketi chini ya mwembe, visikilizio masikioni. (Kuku wa jirani waliyasikia mengi.) Kioo cha simu kilimwonyesha uso tu, nao uso wa askari umefunzwa kutulia.

"Hujambo, Afande?"

"Sijambo, mama."

Kumbe mikono ilikuwa ikitetemeka magotini. Juma la nne aliniuliza: "Mikono yako iko wapi?" Mara mtandao ukakatika. Ningeweza kuizima simu, na nusura niizime. Nikampigia.

"Inatetemeka," nikasema.

Jioni ile nilimwambia mama watoto maneno yale yale. Alikuwa akijua siku zote. Akanisogezea ungo wa mchele, tukauchambua pamoja.