Jelatini ya Makongoro

Ukitaka jelatini Kariakoo, ulizia kwenye maduka ya vifaa vya keki. Wanaipima kutoka kwenye gunia: unga wa rangi ya asali, hauna lebo. Nilimuuliza muuzaji imetokana na mnyama gani. Akacheka. "Kaka, huu ni unga tu."

Mimi siwezi kuishia hapo. Nataka kuchapa upya, kwa kaboni, picha pekee ya babu tuliyobaki nayo. Imegeuka manjano na uso umeanza kutoweka. Bibi naye kashasema: chenye nguruwe hakitundikwi ukutani kwake, hata kiwe na sura ya mumewe.

Picha za zamani za nyeusi na nyeupe hubebwa na fedha, na fedha huliwa na unyevu na hewa chafu. Ya kaboni, ambayo Joseph Swan wa Uingereza aliipatia hataza mwaka 1864, hubebwa na masizi, na masizi hayapauki. Jelatini huyeyushwa kwenye nyuzi 40 hivi, ikatiwa masizi na sukari kidogo, ikamwagwa juu ya karatasi. Ikikauka hupakwa dikromati (ni sumu, vaa glavu), ikafunikwa kwa negativu na kuwekwa juani. Palipopata mwanga hukaza. Kisha hubandikwa kwenye karatasi nyingine na kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu, yasiyokaza yakaondoka.

Njia aliitoa bibi mwenyewe, akinisikia nikilalamika. "Kwani makongoro yakilala sufuriani hayagandi?"

Nikanunua miguu minne ya ng'ombe aliyechinjwa Vingunguti. Nilichemsha kwa moto mdogo tangu asubuhi hadi alasiri, nikaengua mafuta, nikachuja kwa kipande cha khanga. Majirani wawili walikuja na bakuli. Niliwagawia, ningewaelezaje?

Jelatini hiyo ni dhaifu kuliko ya dukani, na joto la Dar es Salaam haliisaidii. Mchana haigandi kabisa. Kwa hiyo namwaga saa kumi alfajiri, juu ya kigae kilicholazwa kwenye barafu, miguu ya meza ikiwa ndani ya makopo ya maji, maana sisimizi wanaijua sukari kuliko mimi.

Hadi sasa karatasi nne zimekauka bila kupasuka. Bibi amezinusa moja moja, akauliza kama nimetia chumvi.