Ruksa na Kibali

Leo semina ilikuwa ya moto: mageuzi baada ya Ujamaa. Mwaka 1986 serikali ya Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi, ilikubaliana na IMF, biashara zikafunguliwa. 1992 vikaja vyama vingi. Wenzangu wakasifia tu.

Mwenzenu nikawaza kwetu Katumba. Wazee wetu walikimbia mauaji ya Burundi ya 1972, wakapewa mashamba, wakalima kweli kweli. Ruksa ilipofika nchini, wao kutoka nje ya makazi bado mpaka kibali. Kura ndo hata usiulize. Vyeti vya uraia vilianza kutolewa 2014.

Sasa jamani, soko huria kwa mkulima asiyeruhusiwa kutembea ni huria gani? Nikianza kufundisha, swali hili nawapa wanafunzi wangu. Karibuni kwa maoni.