Wikiendi ya Pasaka Niliyojifanya Fundi Rangi

Wanachuo wenzangu mnaijua hali ya mtu ambaye bumu limemwishia kabla ya wakati. Mwaka jana, kuelekea Pasaka, mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nadaiwa Sh45,000 na mwenzangu wa chumbani, na jamaa alishaanza kuitikia salamu zangu kwa kuguna. Ndipo mama akapiga simu.

Mama ana nyumba ndogo Mbagala. Chumba cha mbele, chenye mlango wake wa nje, kilikuwa hakina mtu tangu Januari. Alikuwa amempata mpangaji, dada mmoja mwalimu, aliyekuwa tayari kulipa kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Hela hiyo ilishapangiwa kazi: ada ya mdogo wangu wa kidato cha tatu. Sharti lilikuwa moja tu, chumba kipakwe rangi. Mwalimu angekuja kukiona Jumatatu ya Pasaka.

"Mimi nakwenda msibani Morogoro, narudi Jumapili," mama akasema. "Nakutumia elfu themanini. Thelathini na tano ya rangi na vifaa, arobaini na tano ya fundi. Mtafute fundi wa maana, mwanangu."

Nikamjibu, "Sawa, mama." Kumbe moyoni nimeshapiga hesabu zangu. Kupaka rangi nako ni kazi ya kumlipa mtu? Si unachovya, unapaka? Usiku uleule ile 45,000 ikaenda kwa mwenzangu. Nikajiambia sijamwibia mama, nimejiajiri.

Ijumaa Kuu nikanunua galoni moja ya rangi ya maji, ile ya lita 4, rola moja na brashi moja. Jumamosi asubuhi nikaanza. Nje mvua ya masika inanyesha, ndani mimi na redio. Ukuta ulikuwa na chokaa ya zamani, na nilipoupitisha kiganja kilitoka cheupe kama nimeshika unga. Sikuona tatizo. Nikaona kwanza rangi itafunika.

Ikifika mchana, kuta mbili tu zimeisha na galoni imebaki nusu. Chumba ni mita 3 kwa 3, kimo mita 2.7. Piga hesabu, toa mlango na dirisha, unabaki na kama mita za mraba 29. Lita moja ya rangi hufunika takribani mita 10 za mraba kwenye ukuta mzuri, tena kwa mara moja. Ukipaka mara mbili unahitaji karibu lita 6. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la saba anaiweza. Mimi, mwaka wa pili chuoni, niliifanya baada ya kununua. Nikaongeza maji kwenye ndoo.

Jumapili asubuhi nikarudia mara ya pili. Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Nikipandisha rola, rangi ya jana inabanduka na kunata kwenye rola, vipande vikubwa kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Chini karibu na sakafu, ukuta ulikuwa umevimba mabaka ya unyevu. Nikajaribu kuviziba vidonda kwa brashi. Ndiyo kwanza nikavipanua.

Jirani yetu ni mzee aliyepaka rangi nyumba za watu miaka na miaka. Nikamfuata.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Rangi imekukataa?" Alikuwa ameshaniona dirishani tangu jana.

Akaingia, akakwangua ukuta kwa ukucha, akanionesha. Rangi yangu haikushika ukuta, ilishika unga wa chokaa, na unga wenyewe haujashika kitu. "Fundi humlipi kwa kupaka," akasema. "Unamlipa kwa kukwangua." Kisha akauliza swali nililokuwa nalikimbia: "Kwani mama yako hakukupa hela ya fundi?"

Mama alifika saa kumi na moja jioni, kitenge cha msibani bado kiunoni. Akasimama mlangoni akautazama ukuta. Nilikuwa nimeandaa maelezo kuhusu mvua na rangi feki. Nilipomwona anahesabu kimyakimya kwa vidole, nikajua anahesabu siku zilizobaki shule kufunguliwa. Nikamwambia yote, na deni na bumu.

Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema, "Ungeniambia una deni, tungelijadili deni. Sasa tuna deni na ukuta." Akaenda kubadilisha nguo.

Jumatatu ya Pasaka, watu wanakwenda ufukweni, sisi tunakwangua chokaa. Mwalimu alikuja saa nne akatukuta weupe vumbi tupu hadi kope. Mama hakunificha wala hakunisema. Alimwambia tu chumba hakijawa tayari, kazi ilifanywa vibaya, inarudiwa. Mwalimu akaahidi kurudi Jumamosi, ila alisema kuna chumba kingine pia anakiangalia. Wiki ile sikulala vizuri.

Mama alikopa kwenye kikoba chake hela ya galoni ya pili na praima. Nilikosa vipindi vya siku mbili. Babu akatusimamia akiwa kwenye kiti: kwangua mpaka plasta, futa, acha madirisha wazi ukuta ukauke, ziba nyufa kwa puti, piga msasa, futa tena vumbi, kisha praima. Rangi yenyewe ilichukua nusu siku tu kila mara. Siku nyingine zote zilikwenda kwenye mambo ambayo mpangaji hatayaona kamwe.

Jumamosi mwalimu alirudi, akapitisha kiganja ukutani. Kikatoka kikavu, safi. Akalipa, lakini miezi miwili badala ya mitatu, kwa kuwa nyingine alishaitumia. Ada ya mdogo wangu ilipungua kidogo na mama akaenda kuongea na shule.

Tangu hapo kila bumu likiingia, mama ndiye mtu wa kwanza ninayemtumia. Nimeshalipa 30,000. Bado 15,000, na mama anaikumbuka vizuri sana.